Pwani na Mlima Kisiwani Lembata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Watu wa Kisiwa, Kazi Zao na Mila Zao

Aliyewahi kusikia habari za Lembata mara nyingi huwa ameona picha moja tu: mwanamume amejirusha kutoka omo ya chombo, mikononi ameshika mwanzi mrefu wenye chusa, na chini yake mgongo wa nyangumi unang'aa. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imefunika mengine mengi. Watu wengi wa Lembata ni wakulima wa mahindi ambao hawajapata kupanda chombo cha kuwinda. Majibu haya yanaanza na kisiwa chenyewe, kisha yanashuka pwani na kupanda tena mlimani, kwa sababu kule huwezi kueleza upande mmoja ukauacha mwingine.

Lembata iko wapi, na ni wilaya tangu lini?

Iko mashariki mwa Indonesia, katika mkoa wa Nusa Tenggara Timur ambao makao yake makuu ni Kupang, kisiwani Timor. Magharibi yake kuna kisiwa cha Adonara, mashariki kuna Pantar. Ramani za zamani zinaiita Lomblen. Hadi 1999 ilitawaliwa kama sehemu ya wilaya ya Flores Timur; mwaka huo ikawa wilaya kamili, na mji wa Lewoleba ukawa makao yake makuu. Ina tarafa tisa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu takriban 136,000 katika eneo la kilomita za mraba zisizofika 1,300. Kwa kulinganisha tu, hiyo ni chini ya ukubwa wa Unguja, ila Lembata ni ya milima na mabonde makali, na njia ya gari ya kilomita 40 inaweza kukuchukua nusu siku.

Wakazi wake ni kabila gani, na wanasema lugha gani?

Ni makundi mawili makubwa. Magharibi, katikati na kusini wanakaa Walamaholot, ambao ndugu zao wako pia Adonara, Solor na mashariki ya Flores. Kilamaholot kina lahaja nyingi kiasi kwamba watu wa vijiji vilivyotenganishwa na mlima mmoja wakati mwingine huona afadhali waongee Kiindonesia. Mashariki, kuzunguka mlima Uyelewun, wako Wakedang, wenye lugha yao ambayo Mlamaholot haielewi bila kujifunza. Kiindonesia ndicho cha shuleni, ofisini na sokoni mjini.

Ukijua maneno mawili tu ya Kilamaholot utaweza kusoma ramani: *lewo* ni kijiji, *ile* ni mlima. Ndiyo maana kuna Lewoleba, Lewohala, Ile Ape. Na mtu akiulizwa kwao ni wapi, hutaja *lewotana*, yaani kijiji pamoja na ardhi yake, mahali palipozikwa wazee wake. Anayeishi mjini miaka 30 bado atakutajia lewotana ya babu yake.

Watu wanaishi kwa kazi gani hasa?

Kilimo kwanza. Mvua ni fupi, huanza Novemba au Desemba na kuishia Machi hivi, na baada ya hapo nchi inakauka mpaka majani yanakuwa rangi ya mchanga. Kwa hiyo wanapanda mahindi, muhogo, mbaazi na maharage, na mpunga wa mlimani usiohitaji maji ya kusimama. Mahindi ya chakula hutundikwa juu ya jiko, ndani ya dari, moshi uyahifadhi dhidi ya wadudu. Mkulima wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini.

Fedha taslimu hutoka kwenye nazi kavu, korosho, ukwaju, na kokwa za kemiri ambazo ni kiungo cha mapishi ya Kiindonesia. Msomaji wa Mtwara au Lindi atazijua mara moja zile harakati za msimu wa korosho: kuokota, kuanika, kumsubiri mnunuzi na bei yake. Kwenye ghuba zilizotulia za kaskazini watu wanalima mwani kwa kamba na vigingi, kazi ambayo akina mama wa Paje na Jambiani wanaijua vizuri kuliko mimi. Wengine wanagema tembo la mnazi na la mvumo wa Asia. Wengine ni walimu, madereva, wavuvi wa mishipi na nyavu. Na fedha nyingi inayojenga nyumba za matofali vijijini haitoki Lembata kabisa. Nitalirudia hilo mbele.

Jagung titi ni chakula gani?

Kama umewahi kula pepeta za mpunga, basi wazia pepeta za mahindi. Punje hukaangwa kwenye chungu cha udongo mpaka zikaribie kupasuka. Mama huzichota kwa vidole, mbili tatu kwa wakati mmoja, zikiwa bado zinaunguza, akaziweka juu ya jiwe bapa na kuzipiga kwa jiwe la mkononi. Pigo moja, punje imekuwa kipande chembamba kama jani. Mkono mmoja unachota na mwingine unapiga, na vidole havikatwi wala haviungui, jambo linalochukua miaka kulizoea. Jagung titi hukaa muda mrefu bila kuharibika, ndiyo maana kila anayesafiri hupewa mfuko. Huliwa na samaki mkavu, na chai, au na tembo jioni wazee wanapokaa kuongea.

Uwindaji wa nyangumi unafanyika kisiwa kizima?

Hapana. Unafanyika Lamalera, kijiji cha watu kama 2,000 kilichojibanza kwenye mwamba wa pwani ya kusini. Ardhi yake ni mawe matupu. Hakuna pa kulima. Simulizi zao zinasema wazee wao walitoka mbali, kutoka Luwuk kisiwani Sulawesi, wakapitia visiwa vya Maluku, wakaishi Lepan Batan mpaka kisiwa hicho kilipozama, ndipo wakafika hapo walipo. Walikuja wageni, wakakuta ardhi ina wenyewe, nao wakapewa ufuo. Kumbuka hilo la wenye ardhi, maana linaingia katika mgao wa kila nyangumi mpaka leo.

Wanawinda kwa namna gani?

Kuna msimu, uitwao *leva*, kuanzia Mei hadi Oktoba, wakati bahari ya Sawu inapopitika. Kabla haujaanza, watu wa ukoo wa Langowujo, mmoja wa koo za wenye ardhi, hupanda mlimani kufanya ibada ya *ie gerek* kwenye jiwe lenye umbo la nyangumi, wakiwaita nyangumi waje. Kisha ufuoni, mbele ya kanisa dogo la Mtakatifu Petro, padri husoma misa mbili: moja jioni kuwakumbuka waliopotea baharini, ambapo mishumaa huwashwa na kuachiwa ielee juu ya maji, na nyingine siku ya kwanza ya Mei kubariki vyombo. Wenyewe hawaoni mgongano wowote kati ya jiwe na misa. Wanavihitaji vyote viwili.

Chombo chao kinaitwa *téna*, au *peledang* kwa Kiindonesia. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mtu wa Lamu au wa visiwa vya Wabajuni akisimama mbele ya téna atashika kichwa. Mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja. Zimeunganishwa kwa vijiti vya mbao vilivyofichwa ndani ya ubavu, na mataruma yamefungwa kwa kamba kwenye vishikio vilivyochongwa kutoka mbao hizo hizo. Tanga ni la mkeka, limesukwa kwa majani ya mti wa gebang, jamii moja na mvumo, na linasimama kwenye mlingoti wa miguu miwili. Mtepe wetu, chombo cha kale cha pwani ya Afrika Mashariki, ulikuwa na tanga la mkeka, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Wa mwisho kuufanyia kazi wamekwisha kufa, na leo tunajenga mfano wake kwa ajili ya makumbusho. Lamalera bado wana mafundi wanaokata ubao wa téna bila kuchora, kwa kufuata utaratibu ambao kila ubao una jina na mahali pake. Fundi akikosea mpangilio, chombo huhesabiwa hakifai hata kama hakivuji.

Kila chombo ni cha ukoo. Mbele kabisa, kwenye jukwaa la mianzi lililotokeza nje ya omo, anasimama *lamafa*, mrusha chusa. Nyuma yuko mshika usukani, *lamauri*, na katikati ni wapiga makasia wanaoimba. Lamafa harushi chusa kama mkuki. Anaruka nacho, ili uzito wa mwili wake wote uingie ndani ya ngozi ya nyangumi, kisha anaogelea kurudi chomboni kabla mkia haujampiga. Kamba inafyatuka, na chombo kinaanza kuburutwa.

Wanaowindwa hasa ni nyangumi wenye meno, wale wakubwa wanaoitwa *koteklema*, wale wale ambao matumbo yao hutoa ambari iliyouzwa na wafanyabiashara wetu wa pwani tangu zamani. Nyangumi wasio na meno hawaguswi. Kuna simulizi kwamba mmoja wao aliwahi kuwasaidia wazee wao baharini, na mwiko huo unaheshimiwa ingawa mnyama mwenyewe ana nyama tele.

Nje ya msimu vyombo hukaa bandani. Lakini mtu akiona mvuke baharini hupiga kelele "Baleo! Baleo!", ukelele unapokewa nyumba kwa nyumba mpaka juu ya kijiji, na wanaume wanaacha walichoshika.

Ni hatari kiasi gani?

Mwaka 1994 nyangumi aliviburuta vyombo mpaka karibu na Timor. Mabaharia walikaa siku kadhaa bila maji ya kutosha, kisha wakaokolewa na meli ya watalii iliyokuwa ikipita. Waliokosa meli ya kupita ndio wale wanaowashiwa mishumaa kila mwaka.

Ndiyo maana kuna masharti mengi. Lamafa asitoke nyumbani akiwa amegombana na mke wake au na jirani. Ugomvi usiosemwa, wanaamini, hufuata kamba mpaka kwenye chusa. Mke naye ana miiko yake wakati mume yuko baharini. Mambo yakiharibika mara mbili tatu, kamba ikikatika au chusa kikiteleza, watu hukaa chini kuulizana nani ana kinyongo na nani, na hawarudi majini mpaka yasemwe. Mtu anaweza kuita hayo ushirikina. Mimi naona ni kijiji kilichoelewa kwamba watu 12 ndani ya chombo kimoja hawawezi kubeba chuki na nyangumi kwa pamoja.

Nyama inagawanywaje?

Hakuna anayenunua wala anayekimbilia. Kila sehemu ya mwili ina mwenyewe tangu kabla nyangumi hajazaliwa. Wenye ardhi, zile koo zilizowakaribisha wageni, wana haki yao kwenye kichwa. Ukoo wenye chombo una sehemu yake, lamafa na mabaharia zao, fundi aliyejenga chombo, aliyefua chuma cha chusa, hata aliyesuka tanga. Na kabla ya yote hayo kijiji humtaja *kide knuke*, yaani wajane na yatima, kwa sababu nyumba isiyo na mwanamume wa kwenda baharini ndiyo inayotazamwa kwanza. Mafuta yaliwasha taa miaka mingi kabla mafuta ya taa hayajafika dukani. Minofu hukatwa vipande virefu, hutundikwa juani kwenye fito mbele ya nyumba, na chini yake huwekwa vyombo vya kukinga mafuta yanayodondoka.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilimpeleka mwindaji wa nyangumi kutoka Norway na chombo cha kisasa ili kuwasaidia kuongeza mavuno. Mradi haukudumu. Nyangumi anayeletwa na injini ya mgeni hana mwenye ubavu, hana fundi, hana lamafa. Mgao wote unakosa pa kuanzia.

Siku hizi injini zipo. Wanaziita *jonson*, na téna nyingi huvutwa na boti ya mashine mpaka karibu na windo. Wazee wamelijadili hilo kwa miaka, na bado wanalijadili.

Je, si kinyume cha sheria?

Swali hili huja kwa hasira kuliko yote, na linastahili jibu la polepole. Indonesia si mwanachama wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Sheria ya nchi inalinda nyangumi, lakini serikali imewaachia watu wa Lamalera uwindaji wa kimila kwa ajili ya chakula. Idadi wanayopata hupanda na kushuka sana. Inayotajwa mara nyingi ni kama nyangumi 20 kwa mwaka, na kuna miaka hawafiki kumi. Mwaka 2009 serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Sawu, watu wa Lamalera walikataa maji yao yaingizwe, na yakaachwa nje.

Kwa taa mkubwa, yule mwenye mabawa ya mita kadhaa, mambo ni tofauti. Tangu 2014 Indonesia imempiga marufuku kabisa kuvuliwa, kwa sababu biashara ya matamvua yake kwenda Asia Mashariki ilikuwa inammaliza. Hapo siwezi kuwatetea kwa mdomo mmoja. Mila ilikuwa kumla. Mnunuzi wa matamvua hakuwa sehemu ya mila hiyo. Lakini kwa nyangumi msimamo wangu ni wazi: waliowamaliza nyangumi wa dunia walikuwa ni viwanda vilivyoua maelfu kwa mwaka, na si haki kijiji kimoja cha mawe kilipe deni lao.

Ni kweli kuna soko lisilotumia fedha?

Ni kweli. Kila Jumamosi, Wulandoni, karibu na Lamalera, chini ya miti ufuoni, wanawake wa mlimani wanashuka na mahindi, muhogo, ndizi, mboga, tambuu na popoo. Wanawake wa pwani wanakuja na samaki, nyama kavu ya nyangumi, chumvi waliyoichemsha wenyewe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Wanakaa kila upande kwake. Msimamizi anapita kukusanya ushuru, nao pia hulipwa kwa bidhaa. Mpaka apulize filimbi hakuna anayebadilishana kitu.

Filimbi ikilia, ni kunyanyuka. Hesabu yao ya msingi ni *munga*, yaani vitu sita: mahindi sita, ndizi sita. Kipande cha samaki kinasimama mbele ya munga moja au mbili, kulingana na ukubwa wake na njaa ya mwaka. Kelele si nyingi kama gulio la kwetu, kwa sababu bei wanazijua tangu utotoni.

Siku nyingine za wiki mwanamke wa Lamalera hangoji soko. Anajitwika karai la nyama kavu kichwani na kupanda milimani kwa miguu, kijiji hadi kijiji, kazi inayoitwa *penetang*. Ana nyumba zake anazofikia, na mama mwenye nyumba humhesabu kama ndugu. Mvua zikichelewa mlimani, yule wa pwani hukubali mahindi machache kwa kipande kile kile. Nyangumi wasipoonekana, wa mlimani humpa mahindi leo na kungoja nyama baadaye. Picha ya lamafa anayeruka ni ya dakika moja, ilhali hii ni ya mwaka mzima, na ndiyo inayowalisha pwani na mlima.

Kwa nini mahari yao ni pembe za ndovu, na kisiwani hakuna ndovu?

Msomaji wa Afrika Mashariki akifika hapa huwa anashtuka. Kwa Walamaholot, upande wa bwana harusi unapeleka pembe za ndovu kwa upande wa bibi harusi, na pembe hupimwa kwa mkono: mpaka kiwiko, mpaka bega, pima nzima. Ziliingia visiwani na wafanyabiashara wa baharini karne nyingi zilizopita, pengine kwa kubadilishwa na mazao ya nchi, na tangu hapo hazijaacha kuzunguka. Kwa Wakedang, pamoja na pembe, kuna matasa makubwa ya shaba, yale yanayogongwa kwenye ngoma.

Pembe haikai kwa mtu. Leo imekuja kwa binti yako, kesho itatoka kwa kijana wako. Koo zimepangwa kwa mzunguko: ukoo wa kwanza unaoza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na haiwezekani kuoza kwa ukoo ule ule uliowapa ninyi mke. Watoaji wa wake ni wakubwa siku zote mbele ya waliowaoa. Na kwa sababu pembe mpya haziingii, vijana wengi wanaishi na wake zao miaka kadhaa deni likiwa halijalipwa, na wakati mwingine mjukuu ndiye anayelimaliza. Siku hizi familia nyingi hukubaliana fedha badala yake, lakini hata hapo huhesabu "pembe ngapi" kwanza, kisha ndipo zigeuzwe kuwa rupia.

Upande wa bibi harusi unarudisha nini?

Nguo. Sarong ya kike inaitwa *kewatek*, ya kiume *nowing*. Nyuzi hufungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, ili mchoro uwe ndani ya uzi kabla haujafika kwenye kitanda cha kufumia. Bluu ni ya mnili, nyekundu ni ya mizizi ya mti uitwao mengkudu, na nyekundu nzito hutaka kuchovywa mara nyingi kwa miezi, wengine kwa mwaka na zaidi. Kewatek ya mahari huwa na vipande vitatu vilivyoshonwa pamoja, na ya Lamalera huchorwa vyombo, nyangumi na taa. Nguo hiyo ndiyo inayosimama mbele ya pembe. Kazi ya mikono ya mama mmoja inapimwa sawa na jino la mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na hakuna anayeona kuwa mizani imeinama.

Ni Waislamu au Wakristo?

Walio wengi ni Wakatoliki, wanaofuata ni Waislamu, hasa katika vijiji vya pwani na sehemu za Kedang. Ukoo mmoja mara nyingi una dini zote mbili. Chini ya zote mbili kuna jina la zamani la Mungu, *Lera Wulan Tana Ekan*, Jua na Mwezi, Ardhi na Ulimwengu, ambalo wazee bado wanalitaja wanapoanza maneno mazito.

Huko Ile Ape, kila mwaka baada ya mavuno, watu hurudi kwenye vijiji vyao vya kale juu ya mteremko, kama Lewohala, ambako nyumba za koo zimesimama zikiwa zimeezekwa kwa nyasi na hakuna anayelala humo mwaka mzima. Wanaifanya sikukuu ya maharage: maharage mapya hupikwa, wazee waliokufa hutangulizwa kupewa, kisha walio hai wanakula. Mtu wa kanisani na wa msikitini huketi mkeka mmoja.

Muro ni nini?

Ni kuifunga bahari. Kijiji kinakubaliana kwamba sehemu fulani ya ufuo na matumbawe isivuliwe mpaka siku itakayotangazwa. Wazee wanafanya kiapo, na anayevunja ana adhabu ya kimila pamoja na hofu ya kiapo chenyewe. Desturi ilikuwa imefifia, na vijiji kadhaa vya Lembata vimeirudisha katika miaka ya karibuni. Wavuvi wa Kuruwitu huko Kilifi wanaoita eneo lao *tengefu* wangeelewana nao bila mkalimani.

Milima ya moto inawaathiri vipi?

Julai 1979 upande wa mlima uliporomoka baharini karibu na Waiteba, wimbi likapanda usiku na kuua mamia. Novemba 2020 Ile Lewotolok, mlima wa moto wa Ile Ape, ulilipuka, maelfu wa Ile Ape wakakimbilia Lewoleba. Walikuwa hawajarudi wakatulia vizuri, alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 2021, kimbunga Seroja kilipoangusha mvua juu ya mteremko uliojaa majivu mapya. Mawe makubwa kama nyumba yalishuka na matope, yakapita katikati ya vijiji watu wakiwa wamelala. Walikufa makumi ya watu. Waliobaki walijengewa nyumba mbali na mlima, lakini mashamba yao, makaburi yao na nyumba za koo ziko kule kule, na wengi hupanda kulima mchana na kushuka jioni.

Vijana wanakwenda wapi?

Sabah, Malaysia. Njia hiyo imekanyagwa tangu kizazi cha mababu: meli mpaka Nunukan mpakani, kisha mashamba ya michikichi na kazi za ujenzi. Kuna vijiji ambavyo ukipita mwezi wa kilimo utakuta wanawake, wazee na watoto tu. Fedha zinarudi, matofali yanapanda, ada za shule zinalipwa. Wengine hawakurudi, wengine walirudishwa kwa nguvu. Mwaka 2002 Malaysia ilipowafukuza wasio na hati, maelfu walikwama Nunukan, na wengine waliugua na kufa pale. Familia nyingi za Lembata zilikuwa na mtu katika umati ule. Aliyebaki nyumbani ni mke, naye ndiye anayelima, anayefuma, anayekaa kwenye kikao cha ukoo kwa niaba ya mume. Mila inampa mume neno la mwisho, lakini mume yuko ng'ambo.

Wana undugu na watu wa pwani ya Afrika Mashariki?

Wa damu ya karibu, la. Mabaharia wa visiwa vya Indonesia waliofika Bahari yetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita waliacha alama kubwa Madagaska, ambako Kimalagasi ni jamaa wa lugha za Borneo, na kidogo Komoro. Ngalawa yenye mirengu nayo inahusishwa na safari hizo. Lembata yenyewe haitajwi humo.

Lakini mgeni anayejua Kiswahili hatajiona yatima. Kiindonesia kimechota Kiarabu kwenye kisima kile kile: watakuuliza *apa kabar*, habari gani, wakati ni *waktu*, kitabu ni *kitab* kikiwa cha dini. Mkubwa wako wa kuzaliwa ni *kakak*, awe mume au mke. Na ukikaribishwa barazani utaletewa tambuu, popoo na chokaa kabla ya kuulizwa ulichojia.

Nikitaka kwenda, nifanyeje?

Ruka hadi Kupang, kisha ndege ndogo hadi Lewoleba, au panda feri kutoka Larantuka, saa nne hivi. Kwenda Lamalera kuna gari la abiria, na barabara itakuchosha. Jumapili hakuna anayekwenda baharini, na usiombe. Usisimame ufuoni na kamera wakati wa misa ya wafu. Utakaa nyuma na mshumaa kama wengine. Usiahidiwe nyangumi, na usimlipe anayekuahidi. Chukua tambuu na sukari kwa mwenyeji wako, na uwe Wulandoni Jumamosi asubuhi kabla ya filimbi, ukiwa na kitu cha kubadilishana.